Mchuzi wa Maziwa ya Ngamia

Wasafiri kutoka Nairobi walisema harufu ya samaki wa hoteli ya Lobo iliwapokea kabla hawajauona mto wenyewe, na walisema hivyo kwa furaha, wakijilamba midomo. Wafugaji waliotoka upande wa Wajir waliipata harufu hiyohiyo mahali palepale, wakavuta shuka hadi puani na kuzunguka mbali, upande upepo unakotoka. Pua zote kaziumba Mungu mmoja, lakini kila pua ina mama aliyeifundisha.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya zamani kwa hesabu za Garissa. Lobo mkubwa, Mgoa aliyewafuata askari wa serikali walipopiga kambi ukingoni mwa Tana, alianza na benchi moja chini ya mabati, akiwakaangia kambare maofisa waliokuwa wakisubiri mafuriko yapungue wapate kuvuka. Alipokufa, mwanawe akatia veranda, akatia meza za vitambaa vyeupe, akapata na lori la kumletea kamba na ngisi kutoka Malindi, wamefukiwa kwenye barafu na maranda ya mbao. Miaka ya hamsini ilipoanza, na ukame ule mbaya ukaingia nayo, Wazungu waliokuja kuwinda tembo, kibali cha DC mfukoni, walikuwa hawaondoki Garissa bila kula kwa Lobo. Walipiga picha mlangoni. Walikula huku jasho likiwatiririka na kusifu kwa sauti. Chakula walichokisifu kuliko vyote ni kambare wa mto na kamba wa bahari katika mchuzi mweupe, mzito, wenye ladha ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Lobo akiulizwa alitabasamu na kusema ni siri ya marehemu baba yake.

Siri hiyo ilikuwa ikija kila asubuhi kwa miguu, na jina lake Timiro. Kichekesho chake, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba Timiro mwenyewe hakuwa ameambiwa.

Timiro alikuwa mjane. Mume wake, Abdow, alikufa kwa homa walipokuwa wakihama, akazikwa njiani, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Keynan, ambaye alikuwa hajang'oka hata jino la kwanza. Kwa desturi ya watu wake mtoto ni wa ukoo wa baba. Mjane akirithiwa na ndugu wa marehemu, hubaki palepale, akala palepale, akamlea mwanawe. Akiondoka, huondoka na nguo zake mwilini, na mtoto hubaki. Timiro alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Kwa hiyo wazee walipokubaliana kwamba Dagane, mdogo wake Abdow, atamwoa mvua zikinyesha, hakujiuliza kama anampenda. Dagane alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache na ngamia wachache zaidi. Timiro akamshukuru Mungu, akaanza kungoja mvua.

Mvua haikuja. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Ngamia wa maskini naye, huyo hungoja ukame ndipo azae. Mmoja tu katika kundi la Dagane ndiye aliyekuwa na maziwa ya kueleweka, na kundi lote likasogezwa karibu na mto ili angalau maji yapatikane. Dagane alikamua, maana kukamua ngamia ni kazi ya wanaume, na Timiro akayabeba maziwa kwenda kuyauza mjini yapatikane majani ya chai na unga.

Chombo chake kilikuwa dhiil, kibuyu cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi kila siku, na chombo hicho kilikuwa na heshima yake. Watu wa ngamia waliamini kwamba samaki na maziwa havikai pamoja. Kinywa kilichoonja samaki kikikaribia maziwa, au mikono ya mwenye kinywa hicho ikigusa chombo, ngamia hukauka kiwele. Kwa hiyo Timiro hakuingia jikoni kwa Lobo hata siku moja. Alisimama nje penye uzio wa miba, na mpishi, Mpokomo aitwaye Buya, alitoka na sufuria safi, akaiweka chini, akarudi nyuma. Timiro alimimina kutoka juu ili dhiil isiguse sufuria. Akishamaliza na kuondoka kidogo, ndipo Buya alipokuja kuichukua. Walifanya hivyo kila siku, kwa adabu, kama watu wawili wanaosali misikiti miwili.

"Mama Keynan," Buya alimtania, "mimi Mwislamu kama wewe, na samaki nimemla tangu niote meno. Mbona bado nipo?"

"Wewe habana ngamia," Timiro alimjibu. "Wewe itakauka nini?"

Buya alicheka mpaka akashika uzio, miba ikamchoma. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na tobo moja. Siku ya kwanza Timiro alipouliza maziwa ni ya nini, Buya alitazama chini akasema ni ya chai ya Wazungu. Ndivyo Lobo alivyomwagiza aseme, na mtu mwenye watoto huko Tana hagombani na mwenye jiko.

Ukame ukazidi. Maziwa yakapungua, na jioni kila mtu hemani alipata kidogo tu cha kulowesha koo. Timiro alimpa Keynan fungu lake, akidai ameshakunywa mjini. Mjini hakunywa kitu. Alikuwa akirudi na dhiil tupu na macho yanayoona vitone vyeusi, akitabasamu ili Hawo, mama mkwe wake, asimuulize.

Siku moja mchana, badala ya Buya, alikuja Lobo mwenyewe mpaka penye uzio, shati limelowa mgongoni.

"Bibi, njoo ndani. Wageni wangu wanataka kukuona."

Ilikuwa hivi. Mama mmoja wa Kizungu, aliyekuja na mumewe kuwinda, alikuwa amekula mchuzi ule akaapa kwamba hatoki Garissa bila kujua una nini. Lobo alikuwa ameshakunywa glasi zake, na siri ya marehemu baba yake ikamponyoka. Sasa yule mama alitaka kumwona mwenye maziwa kwa macho yake. Timiro alidhani wanataka kuitazama dhiil, kwa kuwa Wazungu walipenda kutazama vyombo vya watu. Hakutaka iingie kwenye harufu ile, akaining'iniza kwenye uzio, mbali, akaenda mikono mitupu.

Walimkalisha kwenye kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwaona wageni wa Lobo. Walikuwa wengi, wote wanamtabasamia, na mmoja alikuwa amekwisha kushika kamera. Yule mama alilisogeza bakuli mbele yake kwa mikono miwili, kwa upendo kabisa, hilo lazima lisemwe.

"Maziwa yako hayo, bibi," Lobo alisema, kifua mbele. "Onja uone tulivyoyapandisha cheo."

Timiro alitazama. Mchuzi ulikuwa mweupe, unatoa mvuke, na ndani yake kulikuwa na vipande vya samaki na vile vidudu vyekundu vya baharini vilivyojikunja. Akaelewa. Si leo tu. Kila asubuhi, tangu walipohamia mtoni, maziwa ya ngamia wa Dagane yalikuwa yakimiminwa juu ya samaki. Alimtafuta Buya kwa macho, akamwona amesimama mlangoni mwa jiko, anatazama vidole vya miguu yake.

Angeweza kuinuka. Mimi niliyekaa na kushiba nasema angeinuka, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini haikuwa njaa pekee. Watu wa Timiro walikuwa na desturi nyingine, nzito kama ile ya kwanza: maziwa hayakataliwi. Ukipewa maziwa, hata umeshiba, unayagusa kwa midomo. Anayeyasukuma mbali amekilaani kiwele yalikotoka. Na haya hayakuwa maziwa ya kiwele cha mbali, yalikuwa ya ngamia aliyekuwa akimlisha mwanawe. Asipokunywa, anamlaani. Akila, anamkausha. Miiko miwili ilikuwa imepikwa katika bakuli moja, na hakuna aliyewahi kumfundisha mtu afanye nini siku kama hiyo.

Akaamua kwa akili yake mwenyewe. Atakunywa maziwa, samaki atawaacha. Alichukua kijiko, akavisukuma vipande na vile vidudu kando, akanywa. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha heshima. Cha pili kilikuwa cha njaa, na vilivyofuata hakuvijua, maana mwili ulikuwa umeshika usukani. Mchuzi ulikuwa mtamu. Huo ndio uchungu wake, kwamba ulikuwa mtamu, na nyuma ya ule utamu aliyatambua maziwa yenyewe, yenye chumvichumvi ya majani ya kule malishoni. Alipokiweka kijiko chini, bakuli lilikuwa limebaki na vipande vikavu vimepangwa pembeni. Wageni wakapiga makofi, na kamera ikalia.

Alikuwa katikati ya njia ya kurudi na dhiil yake ndipo wazo likamjia, taratibu, kwamba mchuzi ni nini kama si samaki aliyeyeyuka? Akakaa chini palepale mchangani. Alisugua midomo kwa mchanga, akatafuna mswaki mpaka fizi zikatoa damu, akatema, akatema tena. Kisha akaibeba dhiil kwa pindo la shuka, bila kuigusa kwa mkono.

Hakuna mtu wa kambini aliyemwona kwa Lobo. Hilo ndilo linalomkera mtu anayeisimulia habari hii. Kama Timiro angekuwa mwongo mzuri, angeishi na mwanawe mpaka uzee. Lakini aliamini, na kwa kuwa aliamini hakuweza kujiokoa kwa kuwaua ngamia. Keynan alipomkimbilia, alimzuia kwa mkono asimbusu. Dagane alipoleta maziwa jioni, Hawo akamwambia Timiro awagawie watu kama kawaida.

"Mikono inaniuma, eddo," Timiro akamjibu mama mkwe wake, ameikalia.

Kesho yake ilimuuma tena, na mjini hakwenda. Alikaa mbali na vyombo, akalala upande wa pili wa hema, uso umeelekea nje. Hawo alikuwa mwanamke mzee na alikuwa amekaa na wakwe wengi. Alitazama, akahesabu siku.

Kisha yule ngamia akakauka. Alikuwa akikauka kidogo kidogo tangu zamani, na kila mwenye macho aliona mbavu zake. Lakini watu wakishikwa na msiba hawamtafuti mchawi mawinguni, humtafuta karibu. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

"Timiro," Hawo alimwambia, wakiwa wawili, "mikono yako inauma tangu siku gani? Na kwa nini haiumi ukibeba kuni?"

"Nilikunywa maziwa, eddo. Walikuwa wamepika samaki ndani yake. Samaki sikula. Wallahi nilimsukuma kando."

Hawo alijifunika uso kwa shuka. Alipoufunua alikuwa amelia.

Wazee walikaa. Kulikuwa na shekhe katika kikao, mtu mwenye elimu, naye alisema wazi kwamba windo la maji ni halali kwa Mwislamu, wala mwanamke huyu hana dhambi. Dagane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shekhe, umesema kweli," akajibu. "Lakini dini ni dini, na ngamia ni ngamia. Mungu hatanihukumu kwa ajili ya samaki. Kiwele kitanihukumu, na watoto hawa wote wananyonya kwake."

Shekhe alikubali kwa kichwa. Yeye naye alikuwa akinywa maziwa ya ngamia.

Dagane ndiye aliyempelekea Timiro uamuzi. Alisimama pembeni, anachora mchanga kwa fimbo yake.

"Sina chuki nawe, walaal, dada yangu. Ondoka kwa sasa. Mvua zikija na ngamia wakipona, tutaona."

Keynan alishikwa na nyanya yake asimfuate. Timiro alisikia kilio chake mpaka kikawa chembamba, kisha akawa hajui kama bado anakisikia au anakikumbuka. Lakini alikuwa amepewa neno moja, "tutaona", akalishika kwa mikono miwili.

Kaka zake walikuwa upande wa Wajir. Habari ilifika kwao kabla yake, nao wakatuma salamu kwa mtu wa njiani kwamba wanampenda dada yao, ila nao wana ngamia. Palibaki mahali pamoja Garissa ambapo hakuna mtu angeogopa kinywa chake. Lobo akamchukua kuteka maji na kupiga deki. Haikupita muda akagundua faida nyingine. Wageni wakija, alimwita Timiro verandani, akamkalisha mbele ya bakuli, sasa la maziwa ya kopo, akawaambia huyu ndiye mama wa mchuzi. Wakampiga picha. Yeye alikaa wima, midomo imefungwa, na wakishaondoka alienda nje penye uzio kula ugali kwa chumvi.

"Kula basi kidogo, mama Keynan," Buya alimsihi. "Umebaki mifupa. Mimi ndiye niliyekudanganya, niliambiwa nikudanganye. Mimi nitaulizwa, si wewe."

"Mimi nangoja mfua," Timiro alimwambia. "Kinywa yangu iwe safi. Nitarudi."

Buya akawa anampikia ugali wake katika sufuria ya pembeni ambayo haikuwahi kuona samaki. Hakuna aliyemtuma. Timiro naye kila asubuhi, kabla ya kuteka maji, aligeukia upande wa Wajir na kutazama anga. Mvua ndiyo itakayowaponya ngamia, ngamia wakipona Dagane ataona, na Dagane akiona atamrudishia mwanawe. Alilipanga hivyo kichwani, na kila alipolipitia halikuwa na kasoro.

Mvua ikaja. Ilipiga kwa hasira ya mtu aliyechelewa, Tana ikapanda ukingoni, na Garissa nzima ikakimbilia ndani isipokuwa Timiro, aliyesimama nje amelowa chapa, anacheka peke yake. Nyasi zikaota. Wauza mbuzi waliofika sokoni wakasema nyika ni kijani, ngamia wamezaa, maziwa yanamwagika. Timiro akafua shuka yake, akaianika, akaivaa, akaanza kungoja mtu wa kumchukua.

Alikuja Dagane, amefuata sukari na majani ya chai, na mbele yake juu ya ngamia alikuwa amekaa Keynan. Walikutana nje ya duka la Mwarabu. Mtoto alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa, na jino la mbele limeng'oka. Dagane alimsalimu Timiro kwa heshima zote, akauliza afya yake, kisha akaingia dukani na akakawia humo kuliko mtu anayenunua sukari.

"Hooyo, ngamia wamezaa," Keynan alisema.

"Alhamdulillahi."

"Maziwa ni mengi mpaka tunabakisha. Adeer Dagane amenipa ndama. Ni wangu peke yangu, nimempa jina."

"Mungu amkuze."

Mtoto alilishika pindo la shuka yake, akalizungusha kidoleni, akamtaja nyanya yake. "Ayeeyo anasema maziwa yalirudi kwa sababu wewe uliondoka. Wote wanasema. Uliondoka, na mvua ikaja."

Katika kupanga kwake kote, Timiro hakuwahi kuuona upande huo wa jambo.

"Hooyo, usirudi," Keynan alisema, na machozi yakaanza kumtoka, maana hakuwa na ubaya wowote, na lile pindo alikuwa amelikaza zaidi. "Nakuomba. Ndama wangu atakufa."

Kama angekuwa anaona ni ujinga, angemchukua mtoto wake, akapiga kelele, akamwita shekhe, akaita serikali. Lakini na yeye aliona kama wao walivyoona. Aliondoka, mvua ikaja. Ni nani angeweza kubisha? Alimshika kichwa, kwa mbali, kwa ncha za vidole.

"Sitarudi, hooyo," akamwambia, akimwita "mama", kama akina mama wa kwao wanavyowaita watoto wao. "Mtunze ndama wako."

Dagane akatoka dukani, akampakia mtoto, na wakaondoka kwa njia ya Wajir. Keynan aligeuka nyuma mara nyingi. Timiro alisimama mpaka hapakuwa na cha kutazama, kisha akarudi kwa Lobo, maana hakukuwa na kwingine.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Veranda ilijaa Wazungu, vijiko vinagongana. Penye uzio Buya alikuwa ameshaweka sahani ya ugali na chumvi, imefunikwa. Timiro aliipita. Aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwahi kutia mguu isipokuwa kwa kupiga deki, akakaa juu ya kigoda karibu na moto.

"Buya," alisema, "leo letea mimi samaki."

Buya alifuta mikono, akachukua bakuli, akamjazia. Timiro alikula vyote, samaki na vile vidudu vyekundu na mchuzi wake, hakuacha kitu pembeni. Kisha akamnyooshea bakuli amwongeze.